Iturini: Habari za Kiuakuvu, Jina Lake, na Mahindi ya Ruhuwiko

Ruhuwiko ni kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Wageni huifahamu kwa kiwanja cha ndege kilichopo huko. Wakulima huifahamu zaidi kwa ajili ya mahindi, maana ndiko Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula unakopokea na kuweka ghalani nafaka ya upande huo. Jambo hili si dogo. Ruvuma, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa, ni mikoa minne ya nyanda za juu za kusini ambayo kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa ghala la nchi nzima. Mahindi yakiharibika huko, hasara yake husikika mbali.

Mvua za Songea ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kuendelea hata Aprili au Mei, na mahindi huvunwa zinapokwisha. Neno la kwanza linaloulizwa mlangoni pa ghala ni ukavu. Kipimo cha Afrika Mashariki hakiruhusu punje iwe na maji zaidi ya sehemu 13.5 katika mia. Mahindi yaliyovunwa kabla ya wakati wake, au yaliyonyeshewa shambani, au yaliyorundikwa sakafuni pasipo kuanikwa, hupita kipimo hicho, na hapo adui mmoja wa kale huanza kazi yake kimya kimya.

Kiswahili kina majina mengi kwa adui huyo, na kila jina limetokana na jinsi anavyoonekana machoni. Nguo iliyokunjwa kabla haijakauka huingia kawa. Mkate na ngozi huota koga. Punje ya mahindi husemwa kuwa imeota ukungu, kwa jina lile lile la wingu jepesi lifunikalo mabonde asubuhi. Majani ya mibuni yakipata madoa ya rangi ya chuma kilicholowa, husemwa kuwa yana kutu. Katika majina haya hapana hata moja litajalo kiumbe chenye uhai. Yote yataja rangi, au weupe, au unyevu. Wala si Waswahili peke yao waliofikiri hivyo. Katika Ulaya nako wataalamu walidhani kwa muda mrefu kwamba kutu ya ngano ni jasho la mmea mgonjwa. Mwaka 1853 Mjerumani Anton de Bary alieleza kwamba mambo yalikuwa kinyume chake: kutu ni kiumbe kinachoishi kwa kuula mmea, na ugonjwa ndio matokeo ya kuwapo kwake. Tangu hapo lilihitajika jina moja la kukusanya pamoja kawa, koga, ukungu na kutu. Katika Kiswahili cha siku hizi jina hilo ni kuvu.

Kutoka katika neno kuvu limezaliwa neno jingine, nalo ni sumukuvu. Habari zake zaanzia Uingereza mwaka 1960, ambako makumi ya maelfu ya batamzinga walikufa kwa maradhi yasiyojulikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na sumu yake ikaitwa aflatoksini kwa kufupisha jina la kuvu hiyo. Afrika Mashariki imeonja uchungu wake. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 vifo vya namna hiyo vilitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nyanda za juu zenye baridi zina adui wao pia, maana kuvu za jamii ya Fusarium huingia katika gunzi mahindi yakiwa bado shambani, nazo huacha sumu iitwayo fumonisini, iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Ubaya wa sumu hizi ni kwamba hazina ladha ya kumwonya mlaji, wala moto wa jikoni hauziondoi.

Dhidi ya kuvu mwanadamu alitumia kwanza madini. Kiberiti cha unga kimenyunyizwa juu ya mizabibu ya Ulaya, na katika zama za karibu juu ya mikorosho ya kusini mwa Tanzania. Mwaka 1885 Mfaransa Pierre Millardet alitangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulioponya mizabibu ya Bordeaux, na dawa za shaba zilizofuata zikawa ngao ya mibuni ya Kenya na Kilimanjaro. Mrututu ni neno ambalo watu wa pwani walikuwa nalo zamani, kwa kuwa wauza dawa waliuuza kwa ajili ya vidonda. Lakini dawa za madini zina kasoro zake. Mvua huzisafisha majanini, gharama yake hurudi kila msimu, na shaba haiozi. Iangukayo chini leo ni nyongeza juu ya ile ya jana. Kwa hiyo swali lilibaki: je, katika maumbile yenyewe hayupo adui wa kuvu?

Adui huyo alikuwapo, na alikuwa amekwisha kupewa jina zamani, ijapokuwa kazi yake haikujulikana. Mwaka 1872 Ferdinand Cohn, mtaalamu wa mimea wa Breslau, alimwita Bacillus subtilis, maana yake kijiti chembamba. Ni bakteria apatikanaye katika majani makavu na katika udongo. Cohn alionyesha kwamba maji ya majani hayo yakichemshwa, bakteria hawa hawafi wote, kwa sababu akionapo shida hujifunga ndani ya ganda gumu lisiloogopa moto wala ukame. Hali zikiwa nzuri tena, huamka na kuzaana. Habari hii ya ganda yafaa ikumbukwe, maana ndiyo iliyomwezesha baadaye kuuzwa dukani kama unga.

Mwaka 1904 Mjerumani Lorenz Hiltner alitunga jina la ule ukanda mwembamba wa udongo ulioshikamana na mizizi, akauita rizosfia. Alikuwa ameona kwamba vijidudu vya hapo ni vingi kuliko vya udongo ulio mbali kidogo, na kwamba hali ya mmea hutegemea wapangaji wake. Mzizi hutoa sukari na vyakula vingine vya kuyeyuka, na bakteria huja kula. Mwenye kula hapo hana budi kukilinda chakula chake, na washindani wake wakubwa ni kuvu. Kwa njia hiyo bakteria hupigania tumbo lake mwenyewe, na mmea hupata mlinzi usiyemwajiri. Mkulima apaliliaye mahindi Ruhuwiko hupitisha jembe lake katikati ya vita hivyo.

Silaha zenyewe zilianza kutambuliwa katika miaka ya 1940, wakati penisilini ilipokuwa imewatia watu wengi ari ya kutafuta dawa katika udongo. Mwaka 1948 ilielezwa basilomisini, na mwaka 1949 mikosubtilini, zote mbili kutoka kwa Bacillus subtilis, na zote mbili zenye nguvu juu ya kuvu. Majina yake yalitungwa kwa jina la bakteria. Dawa ya tatu ya ukoo huo ilipewa jina la namna nyingine kabisa, nayo ilitoka Afrika.

Ituri ni mto wa kaskazini-mashariki ya Kongo, upitao katika msitu mkubwa ambao Stanley aliuvuka kwa taabu nyingi katika safari ya 1887 hata 1889, na sehemu ya chini ya mto huo huitwa Aruwimi. Ni nchi ya Wambuti na makabila mengine, na ni nchi ya Kiswahili pia. Kingwana, kilichopelekwa upande huo na misafara ya wafanya biashara wa karne ya 19, kimekuwa lugha ya masoko na mahakama, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa la Kongo. Tangu mwaka 2015 Ituri ni jimbo kamili, na mji wake mkuu ni Bunia.

Katika miaka ya utawala wa Kibelgiji, nchi iliyo kati ya msitu huo na Ziwa Albert ilikuwa na tauni. Miongoni mwa waliochunguza ugonjwa huo alikuwa mwanabakteria René Devignat. Mwaka 1951 alitoa makala mashuhuri katika jarida la Shirika la Afya Duniani, akiwagawanya bakteria wa tauni katika aina tatu, ya kale, ya zama za kati, na ya mashariki, na kuihusisha kila aina na mojawapo ya tauni kuu za historia. Mtu huyu aliyezoea kuuliza kijidudu kimetoka wapi, jina lake linapatikana pia katika habari za dawa ya kuvu. Bacillus subtilis mmoja, aliyechukuliwa katika udongo wa Ituri, alionekana kutoa kitu kinachozuia kuvu kuota. Mbelgiji L. Delcambe alikichunguza kitu hicho katika miaka ya 1950, na mwaka 1957 yeye na Devignat walitoa maelezo marefu katika machapisho ya Chuo cha Kifalme cha Elimu za Makoloni cha Brussels. Waliiita dawa hiyo iturini, na katika kichwa cha habari wakaitaja kuwa ni yenye asili ya Kongo.

Muundo wake ulichukua muda kufahamika. Mwaka 1978 Françoise Peypoux na wenzake, wataalamu wa Kifaransa, waliueleza. Iturini A ni pete ya viungo 8. Viungo 7 ni asidi amino, yaani vipande ambavyo protini zote hujengwa kwavyo, na cha nane ni asidi amino yenye mkia mrefu wa mafuta. Miongoni mwa vile 7, vipo 3 vilivyogeuzwa, kama mkono wa kushoto ulivyo kinyume cha wa kulia. Na kwa kuwa vimeng'enya vya viumbe vingi vimezoea kukata vile vya upande mmoja tu, pete hii haimeng'enywi kwa urahisi.

Utendaji wake hutokana na umbo hilo. Mkia wa mafuta huzama katika utando uizungukao chembe hai ya kuvu, na pete hubaki juu, ikikamatana na ergosteroli, ambayo ni mafuta maalumu ya utando wa kuvu. Iturini nyingi zikikusanyika mahali pamoja, hutoboa tundu. Chumvi ya potasiamu huvuja kutoka ndani, na kuvu hufa kama mtungi uliopasuka. Lakini utando wa damu ya mwanadamu una kolesteroli, ambayo ni ndugu ya ergosteroli, na iturini huweza kuzipasua chembe nyekundu za damu pia. Kwa sababu hiyo haikupata kuwa dawa ya kumezwa. Nafasi yake ilikuwa shambani, na huko nako ilimlazimu kungoja.

Iliyongojewa ilikuja kwa njia ya bakteria mzima, wala si ya dawa iliyochujwa. Mwaka 1995, katika shamba la mipichi huko Fresno, California, alipatikana bakteria aliyepewa alama QST 713. Huyu hutoa iturini pamoja na ndugu zake wawili, surfaktini na fenjisini. Kampuni ya AgraQuest ilimkuza, ikamkausha akiwa ndani ya ganda lile alilolieleza Cohn, ikamuuza kwa jina la Serenade. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani. Huko Japani, mwaka 2001, Tsuge, Akiyama na Shoda walieleza jeni 4 zinazoijenga iturini A katika bakteria mwingine, aliyeitwa RB14. Mwaka huo huo Wamarekani Bacon na Hinton, pamoja na wenzao, walieleza kwamba bakteria wa jamii hiyo waweza kuishi ndani ya mhindi wenyewe na kushindana hapo na Fusarium. Na tangu mwaka 1991 ilikuwa imekwisha kuchapishwa kwamba iturini A huzuia baadhi ya kuvu zitoazo sumu katika nafaka.

Mtu akiyapanga mambo haya kwa miaka yake, huona njia iliyo wazi: Ituri, Brussels, maabara za Ufaransa, Japani, California. Mtu aweza kusema kwa haraka kwamba mali ya Ituri iliibwa. Lakini shauri hili lahitaji uangalifu zaidi. Bakteria watoao iturini wamepatikana katika mabara mengi, na yule wa California hakuwa mtoto wa yule wa Ituri. Udongo wa Ituri haukuwa na kitu ambacho udongo wa nchi nyingine haukuwa nacho. Kilichokuwa cha pekee mahali hapo, katika mwaka ule, ni kwamba palikuwa na watu wenye hadubini na daftari, wakauliza na kuandika. Nao waliuliza kwa Kifaransa, wakachapisha Brussels, na mwaka 1960 Kongo ilipopata uhuru, elimu iliyotokana na udongo wake ilikuwa imewekwa katika maktaba za watu wengine. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, yataka nchi zigawiwe haki katika faida za viumbe vyake. Ni sheria njema. Lakini yafuata mlango, na bakteria huyu hana mlango mmoja. Yupo kila mahali. Mwenye kufaidi ni yule atakayemtambua na kumweleza.

Hapo ndipo jina linapokuwa na maana kubwa kuliko pambo. Basilomisini na mikosubtilini hazimwambii msomaji zimetoka wapi. Iturini yasema. Katika vitabu vya kemia vya Tokyo na Chicago, mto wa nchi ya Kiswahili hutajwa kila siku na watu wasioujua. Na jina hilo lina jambo jingine ambalo watungaji wake hawakulikusudia. Waliongeza mwisho ule wa kawaida wa majina ya dawa. Lakini likiandikwa kwa Kiswahili, mwisho huo hufanana na kiambishi chetu cha mahali. Iturini husomeka kama nyumbani, shambani, msituni. Ni kweli kwamba sarufi haikubali majina ya pekee ya mahali yatiwe kiambishi hicho, na hakuna asemaye Songeani wala Bunyani. Hata hivyo sikio la Mswahili halina budi kusikia ndani ya jina la dawa jibu la swali: ilipatikana wapi?

Kuhifadhi kwa jina si jambo geni katika Songea. Mji wenyewe wachukua jina la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Watawala waliomuua wamekwisha kuondoka. Jina lake hutajwa na kila abiria anunuaye tikiti. Lakini jina peke yake halitoshi. Jina la nduna lina wazee wa kulisimulia, na makumbusho ya kulitunza. Jina la iturini, katika nchi lilikotoka na katika nchi jirani zisemazo lugha ile ile, halina masimulizi bado. Mwanafunzi wa Ruhuwiko hulikuta, akilikuta, katika kitabu cha Kiingereza, wala hapana kitu cha kumwonyesha kwamba hadithi yake ilianza upande huu wa Afrika.

Wenye kazi ya lugha wana sehemu yao katika kuliondoa pengo hilo. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya mwaka 1930, na baada yake Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, zilirithishana kazi ya kamusi na istilahi. Neno sumukuvu laonyesha jinsi kazi hiyo ifaavyo kufanywa. Ni maneno mawili yajulikanayo na kila mtu, yakiunganishwa pasipo kuvunja desturi ya lugha, na mkulima alisikiapo mara ya kwanza hujua kwamba ule ukungu wa gunzi ambao babu yake alikuwa akiupangusa tu una sumu ndani yake. Kiuakuvu nalo ni neno la namna hiyo. Lakini bado wapo bakteria rafiki wa mizizi, na ukanda ule alioutaja Hiltner, na pete ile yenye mkia wa mafuta, ambavyo vyahitaji maneno yanayosemeka mkutanoni na kuandikika katika daftari la darasa. Kawa, koga, ukungu na kutu zilitosha kwa mtu aliyetazama kwa jicho tupu. Hazimtoshi atazamaye kwa hadubini, wala hazipaswi kutupwa, kwa sababu ndizo daraja la kumvusha mkulima kutoka alichokiona hata asichoweza kukiona.

Wala isidhaniwe kwamba elimu hii yaondoa kazi ya kale. Hapana bakteria awezaye kuifuta sumu ya mahindi yaliyorundikwa mabichi. Ghala la Ruhuwiko litalindwa kwanza na jua, na turubai, na kuvuna kwa wakati, na kipimo cha 13.5. Hayo yakitimizwa, ndipo pana nafasi ya swali la pili, ambalo liliulizwa Ituri zaidi ya nusu karne iliyopita na bado halijaisha: katika udongo ulioshika mizizi ya mhindi huu, ni nani anayepigana na kuvu, na kwa silaha gani? Udongo wa Ruhuwiko hauhitaji kuwa wa ajabu ili kulijibu. Wahitaji mtu wa kuuchukua, na kuandika siku na mahali alipouchukua, na kulieleza jibu kwa lugha ambayo mwenye shamba anaifahamu.